Ufunguo wa Betri

Baiskeli ninayoitumia ni ya umeme. Wanangu waliinunua Dar es Salaam kwa mfanyabiashara wa mitumba ya Ulaya, wakaniletea hapa Mazimbu baada ya goti langu la kulia kuanza kunigomea. Kwa sura haina tofauti kubwa na baiskeli nyingine: ina pedeli, ina mnyororo, ina kengele. Tofauti ni mota iliyofichwa katikati ya gurudumu la nyuma, na betri ndefu nyeusi iliyolazwa chini ya karia. Betri hiyo imefungwa kwa kitasa kidogo, tundu lake si kubwa kuliko la kabati la vyombo. Ufunguo una vituo vitatu: cha kwanza umeme umezimwa, cha pili umewashwa, cha tatu betri inachomoka. Bila ufunguo huwashi wala huchomoi. Unabaki na chuma cha kilo 25 ambacho kukiendesha kwa miguu kutoka Mazimbu hadi mjini ni adhabu kwa mtu wa umri wangu.

Funguo zilikuja mbili. Nami kwa akili zangu nikaziweka zote katika pete moja, na pete nikaining'iniza kwenye mkanda wa suruali. Kila ufunguo ulikuwa umegongwa namba ndogo kichwani. Sikuiandika popote. Baadaye nilikuja kuambiwa kwamba namba ile ni kama ufunguo wa tatu: ukiwa nayo, mtengenezaji anaweza kukukatia mwingine ingawa uko upande wa pili wa dunia. Kwenye uso wa kitasa chenyewe hapakuwa na namba yoyote.

Jumanne moja asubuhi nilipapasa mkanda, pete haipo. Nilitafuta chini ya kitanda, katika mfuko wa mbegu, nyuma ya mtungi, katika zizi la kuku. Jioni yake walikuwapo wageni wawili sebuleni, na mpwa wangu, mtoto wa dada yangu aliyekuja kukaa kwangu ili asome mjini, alikuwa amekaa mlangoni anamenya mihogo. Juma lililotangulia aliniomba baiskeli aende nayo Msamvu, nikamkatalia. Nikaunganisha mambo mawili yasiyohusiana, kama wafanyavyo mahakimu wabaya. Nikamwambia mbele ya wageni, "Hebu nirudishie funguo zangu."

Hakujibu. Aliweka kisu chini, akasimama, akaigeuza mifuko ya suruali yake nje, wa kulia kisha wa kushoto, ikaning'inia kama masikio ya mbuzi. Ndani mlikuwa na kipande cha chaki. Kesho yake alfajiri hakuwapo; amepanda basi kurudi kwao Mgeta.

Kwa asiyetujua Waluguru, neno hili linahitaji maelezo kidogo. Ukoo wetu hufuata upande wa mama. Ardhi ni ya ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye sauti juu ya watoto wa dada zake kuliko hata baba aliyewazaa. Kwa hiyo mjomba akimwita mpwa wake mwizi mbele ya watu, hakuna pa kukata rufani. Mimi nililijua hilo tangu utotoni, na bado nilisema.

Katika siku zile za kukaa bila baiskeli na bila kijana nilipata nafasi ya kufikiri juu ya funguo. Jambo la kwanza lililonigusa ni neno lenyewe. Kiswahili kina kitenzi funga, na kutoka hapo tumejenga mambo mengi: kufunga mlango, kufunga mzigo, kufunga ndoa, kufunga mwezi wa Ramadhani, kifungo, mfungwa. Lakini kile chombo kinachofanya kazi zote mbili, kufunga na kufungua, hatukukiita mfungo wala kifungio. Tumekiita ufunguo, kwa ile kazi ya kufungua peke yake. Watu wa pwani wakaenda mbali zaidi. Baada ya mwezi wa mfungo wanahesabu Mfunguo Mosi, Mfunguo Pili, mpaka Mfunguo Tisa, ndipo waingie Rajabu na Shaabani. Robo tatu ya mwaka wao wa Kiislamu imepewa jina la kufungua.

Kufuli, kwa upande wake, ni jina tulilopokea kutoka Kiarabu, na pengine na chombo chenyewe kilikuja na jahazi lilelile. Bara hatukuwa na haja kubwa nalo. Nyumba ya msonge ya babu zangu huko milimani ilizuiwa kwa kia, yaani gogo linalopitishwa ndani nyuma ya mlango. Kia hakina ufunguo. Maana yake ni kwamba lazima mtu awemo ndani ili nyumba ifungwe. Nyumba isiyo na mtu haifungiki, na kwa kawaida haikuwa na haja ya kufungwa. Pwani ilikuwa vingine. Milango ile mizito ya Unguja na Lamu, yenye nakshi na vichwa vya misumari ya shaba, ilifungwa kwa nje kwa mnyororo unaonaswa kwenye pete ya chuma, kisha kufuli. Ndani ya nyumba kulikuwa na makasha, nayo yana vitasa vyake. Pale penye biashara, penye bidhaa zinazomngojea mnunuzi na mwenye nyumba amesafiri na msimu wa pepo, pale ndipo kufuli linapozaliwa.

Ukubwa wa jambo hili nchi nyingine wanaujua kwa miaka maelfu. Wamisri wa kale walikuwa na vitasa vya mbao. Ndani ya kitasa vilining'inia vijiti vidogo ambavyo kwa uzito wao vilidondoka katika matundu ya komeo na kulizuia. Ufunguo ulikuwa ubao mrefu wenye meno. Ukiuingiza na kuuinua, meno yanavisukuma vijiti juu kwa kipimo kilekile, na komeo linateleza. Mmarekani Linus Yale mdogo alipojipatia hataza ya kitasa chake mwaka 1861, alichofanya kwa hakika ni kulichukua wazo hilohilo la vijiti, akalifanya dogo, la shaba, lenye springi, na kuupunguza ufunguo mpaka ukaingia mfukoni. Ufunguo wa mlango wako wa mbele, msomaji, ni mjukuu wa ule ubao.

Na tangu kale watu wamejidanganya kwamba wamepata kitasa kisichofunguka. Fundi Joseph Bramah wa London aliunda kufuli ambalo tangu mwaka 1790 liliwekwa dirishani mwa duka lake pamoja na tangazo la zawadi ya gini 200 kwa atakayeweza kulifungua bila ufunguo. Lilikaa miaka 61. Mwaka 1851, wakati wa Maonyesho Makubwa ya London, alikuja Mmarekani anayeitwa Alfred Hobbs. Kwanza akafungua kufuli la kampuni ya Chubb, lililosifiwa sana, kwa muda wa dakika 25 hivi. Kisha akamgeukia Bramah. Alifanya kazi kwa siku 16, jumla ya saa 51, nalo likafunguka. Uingereza nzima ilitaharuki, kana kwamba milango yote imeachwa wazi usiku mmoja.

Wakati wetu huu haukosi Hobbs wake. Mwaka 2004 huko Marekani iligundulika kwamba baadhi ya makufuli mazito ya baiskeli ya kampuni ya Kryptonite, yale yanayotumia ufunguo wa duara, yaliweza kufunguliwa kwa mfuko wa plastiki wa kalamu ya Bic. Unausukuma tunduni, plastiki laini inajichukulia umbo la meno, unazungusha. Kampuni ililazimika kuwabadilishia wateja makufuli. Niliposoma habari hiyo nilichukua kalamu yangu nikaijaribu kwenye betri. Tundu langu ni bapa, si duara. Niliharibu kalamu.

Baiskeli na ufunguo ni marafiki wa siku nyingi katika nchi hii. Wazee wa rika la baba yangu wanakumbuka Raleigh, ambazo baadhi yake zilikuwa na kitasa ndani ya shingo ya uma wa mbele: unageuza usukani, unasukuma, baiskeli inabaki imepinda shingo kama kuku aliyelala. Na kile kitasa nacho kiligongwa namba, ili mwenye mali akipoteza ufunguo aweze kuagiza mwingine. Tatizo langu basi si la umeme hata kidogo. Ni tatizo la wakati wa mkoloni, likiwa limevaa betri. Baadaye zikaja Phoenix za Wachina, na ile pete ya chuma inayozunguka gurudumu la nyuma, yenye kifunguo cha bati chembamba kinachokatika ukikitazama vibaya. Kila shule niliyosoma ilikuwa na mwalimu mmoja anayebeba Phoenix yake begani, gurudumu la nyuma halizunguki, kwa sababu kifunguo kimekatikia ndani.

Lakini kwa nini betri ifungwe hata kwenye baiskeli yenyewe? Sababu ni bei. Katika baiskeli kama yangu betri ndiyo kitu ghali kuliko vyote, na ni kitu chepesi kubebeka. Baiskeli ya umeme si jambo geni kama tunavyodhani. Ogden Bolton wa Marekani alipewa hataza ya baiskeli yenye mota katika gurudumu la nyuma mwaka 1895. Kilichokosekana kwa karibu karne nzima ni betri. Betri za risasi ni nzito mno. Ndipo mwaka 1991 kampuni ya Sony ya Japani ilipoanza kuuza betri za litiamu, na wanasayansi watatu waliozifikiria, Goodenough, Whittingham na Yoshino, wakatunukiwa Nobeli ya kemia mwaka 2019. Ndani ya lile boksi langu jeusi chembe za litiamu zimeunganishwa kumi kumi mfululizo. Kila moja ina volti tatu na nusu hivi, na zote pamoja zinatoa volti 36. Chembe hizo hazipendi kutobolewa. Ukipitisha chuma katikati yake zinaweza kuwaka, na moto wake hauzimiki upesi. Siku ya tatu nilikuwa nimeshika keekee mkononi, nimeshaipima sehemu ya kutoboa, mke wangu aliponiuliza kama bima ya nyumba nimelipa. Hatujawahi kuwa na bima. Nikaiweka keekee chini.

Nina kopo la mafuta ya kupikia lililojaa funguo. Nililirithi kwa baba yangu mdogo, aliyekuwa seremala hapa Mazimbu wakati wa Wasauzi. Ndivyo tulivyowaita, Wasauzi, na vijana wengi wanaosoma hapa leo hawajui hadithi yote, kwa hiyo nitaisimulia, hata kama inanitoa kwenye betri.

Mazimbu ilikuwa shamba la mkonge. Mkonge uliletwa nchini mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Miche iliyosalimika safari ilikuwa 62 tu, na kutokana na hiyo yalitoka mashamba yaliyofunika Tanga na Morogoro. Vibarua waliokatia mashamba hayo waliitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alijulikana kwa namba yake. Bohari ya posho ilikuwa na kufuli kubwa, na mwenye ufunguo alikuwa nyapara. Bei ya mkonge ilipoanguka, shamba likaachwa. Zilibaki nyumba chache za zamani na nyasi zenye nyoka.

Tarehe 16 Juni 1976 wanafunzi wa Soweto waliandamana kukataa kufundishwa kwa Kiafrikaans, wakapigwa risasi. Maelfu wakakimbia nchi yao. Chama cha ANC kilikuwa kinafahamiana na Morogoro kwa muda mrefu. Mkutano wao mkubwa wa ushauri ulifanyika hapa mwaka 1969. Sasa kilikuwa na watoto wasio na shule. Mwaka 1977 serikali ya Tanzania ikawapa ardhi ya Mazimbu, na Bibi Anna Abdallah, aliyekuwa kiongozi wa serikali mkoani, anatajwa mpaka leo kwa jinsi alivyolisukuma jambo hilo. Shule ilianza mwaka uliofuata. Tarehe 6 Aprili 1979 kijana Solomon Mahlangu, mwenye miaka 22, akanyongwa Pretoria, na shule ikapewa jina lake.

Kilichojengwa hapa katika miaka iliyofuata bado kinanishangaza. Shule ya sekondari, ya msingi, kituo cha watoto wachanga kilichopewa jina la Charlotte Maxeke, hospitali iliyojengwa kwa msaada wa Waholanzi na kufunguliwa mwaka 1984, karakana ya samani, ng'ombe, nguruwe, mashamba. Walijenga wao wenyewe, pamoja na wafanyakazi wa Kitanzania, na wahandisi wa kujitolea kutoka nchi nyingi. Baba yangu mdogo alitia milango. Kwa kila mlango, kitasa. Kwa kila kitasa, funguo mbili au tatu. Alikuwa akirudi nyumbani na funguo zilizokosewa kukatwa, au zilizobaki baada ya kitasa kubadilishwa, akazitupa katika kopo. Alisema siku moja zitafaa.

Kisha ikawa mwaka 1990: Nelson Mandela akatoka kifungoni, ANC ikaruhusiwa, na watu wakaanza kurudi kwao. Tarehe 9 Julai 1992 Oliver Tambo, mzee aliyekuwa amedhoofika kwa kiharusi na ambaye alifariki mwezi Aprili mwaka uliofuata, aliikabidhi Mazimbu kwa serikali ya Tanzania. Kutoka hapo ikaingia mikononi mwa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, nacho mpaka leo kinaiita Kampasi ya Solomon Mahlangu. Mimi nilikuwa kijana. Kilichobaki kichwani mwangu si hotuba. Ni jinsi majengo yalivyoachwa: vitanda, meza za maabara, majiko, vitabu rafuni, na milango yenye vitasa vizima. Watu waliokimbia nchi yao bila chochote, na ambao wangeweza kung'oa hata bawaba wakazibeba, waliondoka wakaacha nyumba inayofungika na kufunguka. Upande wa pili, makaburi ya wenzao waliokufia huku yalibaki katika ardhi yetu, na bado tunayatunza. Amana iliwekwa pande zote mbili.

Neno amana limenijia kwa sababu ya mifano ambayo kila mtu wa dini anaifahamu. Mtume Muhammad alipoingia Makka mwaka 630, ufunguo wa Al-Kaaba ulirudishwa mkononi mwa Uthman bin Talha, wa ukoo uleule uliokuwa nao zamani, na wazao wa ukoo huo wanaushika hata leo. Na huko Yerusalemu, Kanisa la Kaburi Takatifu, ambalo madhehebu ya Kikristo yanagombania kila ngazi na kila taa, ufunguo wake uko kwa familia mbili za Kiislamu, moja inautunza, nyingine inafungua mlango. Wakristo wote wanawaamini Waislamu hao kuliko wanavyoaminiana. Mimi ufunguo wa baiskeli ya mtumba nilishindwa kumwamini nao mtoto wa dada yangu kwa saa mbili za kwenda Msamvu.

Nilimwaga kopo lote sakafuni. Nilizijaribu funguo zote ndogo. Moja iliingia, haikugeuka.

Siku ya Jumatatu nikaisukuma baiskeli hadi mjini, kwa fundi wa funguo anayekaa chini ya mwavuli karibu na Soko la Chifu Kingalu. Ana meza ya mbao, jiliwa dogo, tupa za namna nne, na funguo zisizokatwa zimetundikwa kwenye waya kama dagaa. Aliinama akatazama tundu, akaniuliza:

"Mzee, hii baiskeli ya nani?"

"Yangu."

"Risiti?"

"Ilinunuliwa na wanangu Dar es Salaam. Sina risiti."

"Basi nipatie mtu wa kukushuhudia. Usinichukie, mzee wangu. Mimi nikifungua kila ninacholetewa, kesho nitalala mahabusu."

Nilisimama pale juani natafuta shahidi. Mtu wa kwanza aliyenijia kichwani ni yule aliyeiosha baiskeli ile kila Jumamosi, naye alikuwa Mgeta. Mwishowe nikampigia simu mjumbe wetu wa mtaa, akazungumza na fundi, akamweleza hata rangi ya kengele.

Nilimwonyesha ule ufunguo wa kopo ulioingia bila kugeuka, na fundi akafurahi. Alinieleza kazi yake huku anaifanya, na kwa kuwa ni kazi nzuri nitaieleza. Ndani ya kitasa cha namna hii mna vibati vyembamba vitano au sita, kila kimoja na springi yake. Ukiingiza ufunguo usio na meno sahihi na kuulazimisha kugeuka kidogo, vile vibati vinaumana na ufunguo na kuacha alama juu yake, alama ndogo kama mwako wa ukucha. Fundi aliusugua ufunguo wa baba yangu mdogo kwa msasa mpaka ukang'aa, akauingiza, akautikisa, akautoa, akautazama juani. Pale penye alama alipiga tupa mara mbili. Akarudia. Kibati kikifikia kipimo chake hakiachi alama tena. Alitaka nitulie, nisimsemeshe. Hakutumia mafuta, bali unga wa risasi ya penseli, kwa sababu mafuta hukamata vumbi. Nikamwuliza kama si rahisi kutoboa. Akasema, "Rahisi sana, mzee. Ila humu ndani kuna moto."

Ilichukua saa moja na nusu. Kisha ufunguo ukageuka, kituo cha kwanza, cha pili, na taa ndogo ya kijani ikawaka. Alinidai pesa kidogo mno, nikaona haya kumpa hiyo peke yake.

Mwezi haujaisha tukafiwa jirani. Nilitoa koti langu jeusi kabatini, lile la mazishi, nikahisi kitu kizito upande wa chini. Mfuko wa ndani ulikuwa umechanika, na pete ilikuwa imeteremka hadi kwenye pindo, kati ya kitambaa na bitana. Funguo zote mbili. Nilikumbuka sasa: Jumapili kabla ya ile Jumanne nilikwenda kuzika Kihonda, nikaitoa pete mkanda usinibane nikiwa nimechutama kaburini. Mke wangu alizitazama, hakusema neno, akaenda jikoni.

Baada ya mazishi nilipanda basi la Mgeta. Njia inaacha barabara ya Iringa pale Sangasanga na kuanza kupanda, na kadiri unavyopanda ndivyo joto la Morogoro linavyobaki chini na matuta ya kabichi na njegere yanavyoanza. Nilimkuta dada yangu uani anachambua maharage. Nikamwamkia shikamoo, kwa kuwa ndiye mkubwa wangu. Akaitikia marahaba, akanisogezea kigoda. Niliitoa pete nikaiweka kwenye ungo, juu ya maharage.

"Zilikuwa wapi?" akauliza.

"Katika koti langu."

Alichukua pete, akaizungusha kidoleni, akairudisha. "Na wale wageni waliokuwapo, umekwisha kuwaambia?"

Nilikuwa sijawaambia. Akasema, "Anza na hao. Huku ulikuja mapema mno." Hata hivyo akanipikia.

Kijana alirudi jioni na jembe begani. Aliniamkia kwa adabu ileile. Nikamwambia nimekosa, na nimekosa mbele ya watu. Aliinamisha kichwa muda mrefu. Kisha alichouliza ni jinsi nilivyoifungua betri. Nikamtolea ule ufunguo wa tupa. Aliuleta karibu na taa, akaulinganisha na ule wa kiwandani, jino kwa jino, akasema fundi yule ni hodari, ila jino la tatu amelishusha zaidi ya inavyotakiwa. Nilimwambia nyumba yangu iko wazi. Akajibu atamaliza kwanza kabichi, ziko karibu kuvunwa.

Wageni wale wawili nilikwenda kwao, mmoja Bigwa, mwingine hapahapa Mazimbu. Namba nimeiandika kwa rangi ndani ya mlango wa stoo. Ufunguo wa kopo sikurudi nao. Ulibaki mkononi mwa kijana asubuhi ile nilipopanda basi, hakuniuliza kama auchukue, nami sikuudai.